Mulamula wa Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu Kokubanza hufagia uwanja, huteka maji, kisha humfungua ndama na kumpeleka malishoni. Ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita hapa Kanoni. Hufagia huku akiimba, hata majirani hujua kumekucha. Kwa hiyo wiki ile alipoanza kufagia kimya, nilijua kuna jambo.

Kibanja chetu, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kinapakana na kibanja cha Bibi Kantengwa. Kati yetu hapana ukuta wala waya. Kuna milamula minne tu. Mulamula ni mti mwembamba wenye majani marefu, na ukiuona umesimama peke yake kati ya migomba, ujue hapo ndipo mpaka.

Milamula hiyo niliiona ikipandwa, nikiwa nimeolewa mwaka mmoja tu. Mume wangu alishika jembe, naye Rweyemamu, mume wa Kantengwa, alishika miche. Sisi wake zao tulibeba kahawa za kutafuna, ishara ya undugu kwetu. Kila mche ulipokanyagiwa udongo, sote wanne tulitafuna punje mbili mbili tukasema, "Mulamula umeona," yaani mti ndio shahidi wetu. Ah, tulicheka siku ile! Sasa wawili kati yetu wamelala humo humo migombani, lakini harufu ya kahawa ile haijanitoka puani.

Mwaka huu wapimaji wa ardhi walifika kijijini. Kila kibanja kingepimwa, kiandikwe, na mwenyewe apewe hati ya hakimiliki ya kimila. Nakala moja ingetunzwa ofisi ya kijiji na nyingine wilayani. Siku ya zamu yetu goti langu liliniuma, sikuweza kushuka bondeni.

"Nenda na mpimaji, mjukuu wangu," nilimwambia Kokubanza. "Uwe macho yangu."

Mpimaji, kijana aitwaye Yusto, alikuwa na kifaa kidogo mkononi. Alisimama kwenye kila mulamula, kifaa kikalia, akaandika. Walipofika kwenye mulamula wa tatu, Bibi Kantengwa, aliyekuwa akiwafuata upande wake, akasita.

"Mwanangu, mbuni huu wa kahawa si uko kwangu?"

"Bibi, kwa mulamula huu, mbuni uko kwa jirani yako. Sasa nifuate nini?"

Bibi Kantengwa aliutazama mbuni, akautazama mulamula, akatikisa kichwa. "Fuata mulamula. Mulamula haudanganyi. Ni mimi nimezeeka."

Kokubanza alikuwa hapo hapo. Alijua kuwa Bibi Kantengwa hakukosea, lakini hakufungua mdomo.

Wakati wa masika alikuwa amemfunga ndama kwenye mulamula huo, jambo nililomkataza tangu akiwa mdogo. Ndama aliruka, shina likakatika, naye akaliburuta hadi ng'ambo ya mbuni. Kokubanza aliogopa. Alilichomeka lile shina pale pale lilipoangukia, akapiga udongo kwa kisigino, akakimbia. Mulamula nao haujui kufa. Ulishika mizizi, ukachanua majani kana kwamba ulizaliwa pale.

Jambo hilo alimwambia rafiki yake Atwine peke yake.

"Unalilia nini?" Atwine alimcheka wakiwa njiani kutoka shule. "Kibanja chenu kimekua bila mbolea!"

"Si chetu. Ni cha Bibi Kantengwa."

"Basi sema. Ramani zimebandikwa ubaoni ofisini mpaka Ijumaa. Baada ya hapo zinapigwa mhuri, zinakwenda wilayani. Wewe endelea kulia tu, Ijumaa haikungoji."

Alhamisi jioni Bibi Kantengwa alikuja kutusalimu, kama afanyavyo tangu ujana wetu. Nilitoa kahawa za kutafuna. Safari hii alizishika tu mkononi.

"Mwenzangu," alisema, "akili yangu inaniacha. Ningeapa kwamba mbuni ule Rweyemamu aliupanda mwaka alipozaliwa kifungua mimba wetu. Nakumbuka hata shati alilovaa. Kumbe si wangu! Sasa najiuliza, ni mangapi mengine ninayokumbuka ambayo hayakuwepo?"

Alipoondoka nilimwona Kokubanza amekaa karibu na jiko, ndizi zake hajazigusa. Nikataka kumchangamsha.

"Kitendawili!"

"Tega," alijibu kwa sauti ndogo.

"Mkate, mzike, bado ataamka."

Jibu lilikuwa mulamula. Lakini mjukuu wangu alificha uso kwenye magoti akaangua kilio, na kati ya kwikwi akanieleza yote, kuanzia kamba ya ndama.

Sikumpiga. Nilimuuliza swali moja tu. "Kesho nani atasema, mimi au wewe?"

Alijifuta machozi. "Mimi, Bibi."

Asubuhi tulipakiwa kwenye pikipiki, mimi na goti langu katikati, Kokubanza nyuma akinishika kiuno. Bibi Kantengwa tulimwomba atangulie. Ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa watu. Kokubanza alisimama mbele ya meza.

"Shikamooni. Mulamula wa tatu niliuhamisha mimi. Mbuni ni wa Bibi Kantengwa."

Watu walinong'ona. Yusto aliweka kalamu chini. "Binti, karatasi haiwezi kubadilishwa kwa maneno matupu. Utatuonyesha ulipokuwa?"

Tulishuka sote bondeni, nami kwa gongo langu. Kokubanza alipiga magoti upande wetu wa mbuni, akafukua majani makavu ya migomba kwa mikono. Chini yake kulikuwa na kisiki cha mulamula uliokatika, na ubavuni mwa kisiki chipukizi la kijani lenye urefu wa kidole.

"Mkate, mzike..." nilianza.

"Bado ataamka!" Kokubanza alimalizia, machozi yakimtiririka.

Yusto alisimama juu ya kisiki, kifaa kikalia, akaandika upya. Bibi Kantengwa alimshika mjukuu wangu mashavu.

"Umenirudishia mbuni," alisema, "lakini kikubwa, umenirudishia akili yangu."

Mwezi uliofuata tulipokea hati zetu, kila moja ina mhuri. Siku hiyo tuliutoa ule mulamula mgeni na kulilinda chipukizi kwa vijiti. Kokubanza alitia udongo, Bibi Kantengwa akatugawia punje mbili mbili. Tulizitafuna watatu. Nikakumbuka wale wawili, nikawatafunia na wao.

Kisha nikamwambia mjukuu wangu, nanyi wasomaji sikieni. "Zamani mpaka ulikaa kwenye mti na kwenye midomo yetu. Leo unakaa kwenye karatasi, na ni vizuri, maana midomo hufa. Lakini karatasi huandika kile inachoambiwa. Ukikaa kimya mbele ya uongo, uongo huo utapigwa mhuri, na wajukuu wako watagombana juu yake. Kosa lisemwe mapema, lingali dogo."

"Mulamula umeona," alijibu Kokubanza.

Kesho yake alfajiri niliamshwa na wimbo uwanjani.