Moshi Mweusi si Nguvu

Kabla ya mapambazuko, kikohozi kidogo kilisikika nyuma ya pazia. Chepkurui aliamka, akamwinua binti yake Cheruto, akamsugua mgongo polepole.

Ilikuwa Agosti 2007. Nyumba yao huko Keringet ilipakana na mashine yao ya kusaga mahindi. Injini ya dizeli ikiwaka, moshi mweusi uliingia mpaka jikoni. Muuguzi alikuwa amesema mtoto aondolewe kwenye moshi. Kwa hiyo shangazi yake, Jepchumba, alikuja kutoka Naivasha kumchukua.

"Nitaenda naye Jumapili," Jepchumba alisema wakinywa chai.

"Hutaenda naye," Chepkurui alijibu. "Moshi ndio utaenda."

Mumewe, Kipng'eno, alicheka. "Mama Cheruto, moshi mweusi ni nguvu ya injini!"

"Kwa hivyo mtoto akikohoa, ni nguvu?" Jepchumba akamuuliza kaka yake.

Kipng'eno aliinamia kikombe chake cha chai.

Chepkurui alimpigia simu Kamaljit, fundi wa pampu za dizeli mjini Nakuru. Kesho yake fundi alifika. Alifuta mikono kwanza, ndipo akamsalimia mtoto. Injini ikazimwa. Akafungua nozeli, ile ncha inayopuliza mafuta ndani ya injini, akaifunga kwenye kifaa cha kuipimia.

"Kaeni mbali. Mafuta haya yanaweza kupenya ngozi."

Alibonyeza kifaa. Mafuta yalichuruzika kama pua ya mwenye mafua.

"Uliisafisha na nini, boss?"

"Waya ya breki ya baiskeli," Kipng'eno alisema. "Halafu nguvu ikapungua, nikafungua pampu ilete mafuta zaidi."

"Unalima viazi?"

"Sana."

"Bomba la kunyunyizia dawa likitoa matone, majani yanapata dawa?"

"Hapana. Lazima itoke kama ukungu."

"Injini ni hivyo hivyo. Waya imepanua matundu. Matone makubwa hayaungui yote, yanageuka masizi. Ukiongeza mafuta, unaongeza moshi."

Kamaljit alifunga nozeli mpya. Akarudisha pampu kwenye kipimo chake. Kisha akarekebisha wakati wa mafuta kuingia. "Yakichelewa, hayapati nafasi ya kuungua."

Injini ikanguruma. Moshi ulionekana kwa shida.

"Na nguvu iko!" Kipng'eno alishangaa.

"Iko. Lakini hata moshi usioonekana ni mbaya. Pandisheni ekzosi, hilo bomba la moshi, juu ya paa, mbali na madirisha. Mtoto asikae hapa injini ikiwaka. Na nozeli ikisumbua, leteni kwa fundi. Waya, hapana."

Siku hiyo hiyo Kipng'eno alipanda juu ya paa. Chepkurui alishika ngazi mpaka bomba likakaa imara.

Ijumaa muuguzi alisikiliza kifua cha Cheruto. "Anaendelea vizuri. Anaweza kubaki nyumbani, bora moshi usirudi."

Jumapili Jepchumba alibeba mkoba wake, tayari kuondoka peke yake, akitabasamu. Cheruto alimshika sketi.

"Shangazi, utakuja tena? Lakini uje kututembelea tu. Usije kunichukua."