Tobo la Kona ya Bomba

Inspekta aliitwa kuja kutazama maiti, akakuta maiti anakohoa. Mlinzi aliyepiga simu alikuwa amemwona fundi wa valvu kalala chali chini ya bomba la gesi, damu puani, mchanga mwili mzima, akaamua mambo kwa haraka. Inspekta alimshukuru Mungu, akasimamia majeruhi apakiwe kwenye gari la wagonjwa, kisha akamkaripia mlinzi.

Juu ya pale alipolala mtu, kwenye kona ya bomba, palikuwa na tobo la kuingia kidole. Gesi ilikuwa imeshafungwa. Meneja wa mtambo wa gesi hakuwa na shaka hata kidogo: bomba limetobolewa kwa keekee, na mwenye keekee anajulikana. Ni mchomeleaji, mume wa dada yake majeruhi. Jana yake mashemeji hao walirushiana maneno mbele ya watu, nusura washikane mashati.

Konstebo alimtia pingu palepale. Keekee ilikutwa mkobani mwake, kama ambavyo ingekutwa kwa mchomeleaji yeyote. Kilichommaliza ni mdomo wake mwenyewe.

"Ulimdhuru shemeji yako?"

"Kama ni kazi ya mkono wangu, nifungeni."

"Ni kazi ya mkono wako, au siyo?"

Akainamisha kichwa, na hakusema tena.

Mkewe alishinda kwenye benchi la polisi. Kaka hajitambui hospitalini, mume yuko mahabusu, hajui amlilie yupi kwanza. Inspekta alipita mbele yake, akaona aibu kumtazama usoni. Akarudi kwenye bomba.

Inspekta alikuwa mwanamke wa kushikashika vitu, tabia iliyowaudhi wakubwa zake. Alivaa glavu, akaingiza kidole kwenye tobo. Rangi ya nje ilikuwa nzima mpaka ukingoni. Kwa ndani, chuma kilikuwa kimelika, kimelainika, kimebaki chembamba kama ukucha. Na chini hapakuwa na chenga za chuma ambazo keekee ingeziacha. Palikuwa na mchanga tu.

"Tobo hili limeanzia ndani," alimwambia mhandisi. "Nani anaishi humo?"

Mhandisi, binti mcheshi aliyekuwa hajacheka tangu asubuhi, alicheka, kisha akamweleza. Kisima hutoa gesi pamoja na mchanga kidogo. Gesi ikienda polepole, mchanga hulala chini ya bomba, hasa pale linaposhuka bondeni kabla ya kupanda kwenye kona hii. Gesi ikienda kasi, huuzoa wote. Gesi hupinda kona bila taabu, lakini mchanga hauwezi. Huenda moja kwa moja kuugonga ukuta, na ukuta huliwa. Ndiyo maana, kabla ya kuongeza kasi, husukumwa kwanza kizibo cha mpira ndani ya bomba, kiusombe mchanga taratibu.

Inspekta akauliza kasi ilikuwaje. Msimamizi wa zamu, mzee mwenye mvi, akajibu kwamba gesi ilikwenda polepole wiki nzima, hata kizibo hakikuhitajika.

"Basi mchanga wa wiki nzima uko bondeni," Inspekta alisema. "Twende tukauone."

Mafundi walifungua bolti za kiungo cha bondeni. Inspekta akapiga magoti, akamulika tochi. Ndani palikuwa peupe, hata punje ya mchanga hakuna. Akamgeukia msimamizi.

"Mchanga wako umekwenda wapi, mzee wangu?"

Msimamizi alivua kofia yake ngumu, akakaa chini.

"Nilifungua valvu yote kwa mkupuo, Afande. Nilitaka gesi iufagie yenyewe."

"Na kizibo?"

"Kiliwahi kuninasia humo ndani. Kazi ikasimama, wakubwa wakaja kunishangaa. Tangu siku hiyo mimi hapa ni Babu Kizibo. Hata mpishi ananiita hivyo. Nilisema kikinasa tena, nitahama mji."

"Jina hilo alikupa nani?"

"Mchomeleaji. Mlipomkamata nikaona, acha na yeye asemwe kidogo. Sikujua chini kulikuwa na mtu anakagua. Haki ya Mungu sikujua."

Inspekta alikasirika. Mtu nusura afe, mwingine nusura afungwe, kwa sababu ya utani wa kazini. Alimpeleka mzee kituo cha polisi.

Huko akafungua mwenyewe mlango wa mahabusu, akamwambia mchomeleaji yuko huru. Mchomeleaji hakuinuka.

"Na mshono wangu?" aliuliza. "Ile kona niliichomelea mimi. Ni mshono wangu ulioachia?"

Hapo ndipo Inspekta alipoelewa ule ukimya wake.

"Mshono wako ni mzima. Kilicholiwa ni ukuta wa kona, mbali nao. Nimeupapasa mwenyewe."

"Mzima kabisa?"

"Kabisa."

Mchomeleaji alijifunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti. Inspekta alimwacha alie. Mkewe akaingia mbio na habari kwamba kaka yake amezinduka na anaomba uji. Mume akazidi kulia, mke akaketi ubavuni pake kwenye sakafu ya mahabusu, na hakuna askari aliyewaharakisha kutoka.