Antene ya Boti ya Ngabo

Mimi ni Adelaïde. Ninafundisha watu wazima kusoma hapa Shasha, kando ya ziwa, chini ya vilima vya Masisi. Wewe unayesoma polepole, soma bila haya. Hadithi hii nimeiandika kwa hasira, na hasira hiyo sitaificha.

Barabara yetu ikiharibika, maharagi hupita majini. Familia za vilimani zilichanga, zikanunua boti ya mbao yenye mota na paa. Kapiteni ni Ngabo. Mama yake, Mukamurenzi, analima maharagi. Baba yake, Papa Sebarenzi, yumo katika komite ya boti.

Komite ilinunua GPS pia. GPS ni chombo chenye kioo kidogo. Kinaonyesha boti iko wapi ziwani, hata kama ukungu umefunika kila kitu. Papa Sebarenzi mwenyewe alipanda juu ya paa, akafunga antene yake. Wiki ya kwanza Ngabo alifurahi sana.

"Mama, hii kitu inajua ziwa kunipita!" alisema.

Kisha mvua zikaanza.

Asubuhi moja boti ilitoka na abiria kumi na wanne na magunia ya mbegu. Ukungu ukashuka. Ngabo aliangalia kioo. Kioo kilisema boti bado iko Shasha. Baada ya nusu saa, kioo kilisema vilevile. Kabla hajajua ageukie wapi, boti ikagonga mawe. Abiria wote walitoka wazima, Mungu asifiwe. Boti ilikwaruzika tu, ikavutwa bandarini, lakini magunia sita ya mbegu yalizama.

Sasa ngoja nikuambie kilichonichoma roho.

Jumapili, baada ya ibada, komite ilikutana mbele ya kanisa. Hakuna aliyeuliza habari ya chombo. Hata mmoja! Walisema tu, "Kapiteni alikunywa." Wakaamua kumnyang'anya Ngabo boti. Na nani alikuwa wa kwanza kuinua mkono? Baba yake mzazi!

Mukamurenzi alisimama.

"Papa Ngabo! Mutoto yako haonjaka ata kasiksi, pombe ya ndizi. Unajua!"

"Antene nilifunga muzuri," alijibu Papa Sebarenzi. "Kama alipotea, makosa iko yake."

"Munafukuza muntu bila kuangalia kitu? Haya si mambo ya watu wa Mungu!"

Ngabo alirudi nyumbani, na siku mbili hakushuka bandarini. Alikuwa anaona haya kwa kosa ambalo hakulifanya. Jamani, inauma.

Siku ya tatu Mukamurenzi alinipitia. Tukaenda kwa Noëlla, dada anayetengeneza redio na pano za umeme wa jua. Ngabo naye tulimvuta mpaka kwenye boti. Komite walikuja pia, mikono wameikunja.

Noëlla aliwasha GPS.

"Iko natafuta satelite, haione ata moja," alisema. "Wiki ya kwanza ilitumika muzuri?"

"Ndiyo," alisema Ngabo.

"Halafu mulibadilisha nini?"

Noëlla akapanda juu ya paa.

"Huu mufuko mweusi, nani aliufunga hapa?"

"Ni mimi," alisema Papa Sebarenzi. "Mvua ilianza. Kitu ya bei haikae inje."

Noëlla alikata kamba, akavua mfuko. Ndani mlikuwa na sufuria iliyopinduliwa, imefunika antene yote. Zamani, huku vilimani, wazee walifunika ncha ya nyumba kwa chungu ili mvua isiingie. Papa Sebarenzi alifanya vilevile juu ya boti.

"Sufuria yangu!" Mukamurenzi alipiga kelele. "Wiki mbili niko naitafuta! Napikia mu sufuria ya jirani!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Dakika chache baadaye kioo kiliamka.

"Muangalie," alisema Noëlla. "Satelite ziko juu, mbali sana. Zinatuma alama, na antene njo sikio ya GPS. Alama haipite mu chuma. Sufuria, manjanja ya kuezeka nyumba, vyote vinaifunga."

"Na mvua je?" aliuliza Papa Sebarenzi kwa sauti ndogo.

"Antene hii ilitengenezwa kwa kukaa inje, Papa. Mvua haiiue. Mahali maji inaharibisha ni pale waya yake inaungana."

Basi alituonyesha kazi. Aliifunga antene juu ya paa, mahali inapoona mbingu pande zote. Aliitenga na antene ya redio ya boti. Waya wake hakuukunja kwa nguvu, wala hakuupitisha pamoja na nyaya za mota. Maungio aliyafunga kwa skochi, utepe wa kunata usiopitisha maji.

"Na wewe, kapiteni," alimwambia Ngabo, "mbele ya kutoka, angalia kama GPS inaona satelite. Kama haione, usitoke mu ukungu. Na busole, ile dira yako, usiiache ku nyumba."

Komite wakaanza kuondoka. "Basi, imeisha," mmoja alisema.

Imeisha! Hivyo tu! Mukamurenzi aliwazibia njia.

"Mulimuchafulia jina mbele ya kanisa. Mutamusafisha mbele ya kanisa."

Jumapili iliyofuata Papa Sebarenzi alisimama mbele ya watu wote, sufuria mkononi.

"Mutoto yangu hakukunywa," alisema. "Ni mimi nilimufunga macho na sufuria ya mama yake. Halafu nikamushitaki. Ngabo, unisamehe."

Ngabo alirudishiwa boti. Wiki ile ile ukungu ulishuka tena, mzito. Sisi wanawake tulisimama bandarini. Tukasikia mota. Boti ilitoka kwenye ukungu, ikafika moja kwa moja mbele yetu. Hakuna hata gunia moja lililolowa.

Siku hiyo Mukamurenzi alipika maharagi katika sufuria yake. Nilikuwepo. Nyumbani kwao baba ndiye hupakuliwa wa kwanza, miaka yote. Mukamurenzi alichukua sahani, akaijaza, akampa Ngabo.

Papa Sebarenzi alingoja zamu yake.