Mbwa Mzee Mlangoni kwa Kidoti

Mbwa alikula, akanywa maji, akazunguka sebule yote akinusa miguu ya viti. Alipofika kwenye mlango wa chumba cha Kidoti alisimama ghafla, manyoya ya mgongo yakamsimama, akarudi kinyumenyume kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Atazoea," alisema mume.

Mkewe aliutazama mlango ule. Mtaani walimwita Dobi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za watu. Alijua mbwa amesikia nini.

Walikuwa wamemchukua asubuhi ile kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa. Wazo lilikuwa la mume. Alikuwa dereva wa lori, akitoka leo hujui atarudi lini, na tangu wamzike Kidoti, binti yao wa pekee, aliogopa kumwacha mkewe na kuta peke yake. Yeye alitaka mbwa kijana, mkali. Dobi aliyapita mabanda ya watoto wa mbwa waliokuwa wakirukaruka, akaenda kuchuchumaa mbele ya banda la mwisho. Humo alilala mbwa kizee, mdomo umejaa mvi, jicho moja limeingia ukungu, shingoni ana kovu la kamba.

"Huyo, mama, nisikudanganye," mtunzaji alisema. "Wenyewe walihama wakamwacha amefungwa uani. Alikutwa amebaki mifupa. Moyo wake nao ni mgonjwa. Watu wakija wanamhurumia yeye, halafu wanachukua mwingine."

"Basi nipe huyohuyo."

Wakampa jina la Babu.

Mume aliposafiri, Dobi alitandaza mashati mezani, akawasha pasi, akasubiri. Tangu msiba, kila alasiri, wakati ambao Kidoti alizoea kurudi kutoka shule, sauti ya mtoto ilikuwa ikiimba polepole nyuma ya mlango ule ambao haukuwa umefunguliwa tena. Dobi hakumwambia mtu. Wangeita waganga, wangefukiza nyumba nzima, naye angempoteza mwanawe mara ya pili.

Siku hiyo sauti haikuimba. Ilinong'ona.

"Mama, kuna mbwa."

"Mzee tu huyo, mwanangu. Hata meno amebaki nayo machache."

"Mtoe nje. Ananitisha."

Chini ya meza, Babu alikuwa ameegemeza kichwa kwenye mguu wake, akitetemeka na kunguruma kwa ndani. Dobi alichukua kipande cha kamba ya kuanikia nguo, akampeleka uani. Mbwa hakubisha. Aliinamisha shingo mwenyewe ili afungwe.

Kuanzia hapo sauti ikasogea karibu. Ilimwita akiwa jikoni, ilimwita akiwa bafuni. Nyumba ilinukia mafuta ya nazi aliyokuwa akimpaka mtoto kichwani, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya nywele zinazoungua. Dobi aliacha kula. Aliunguza nguo za wateja, wakaacha kuzileta. Mvua iliponyesha alimsikia Babu akikohoa nje, akaongeza sauti ya redio.

Jioni ya siku ambayo mume alitarajiwa kurudi, sauti ilianza kulia.

"Mama, nina baridi. Nimefungiwa humu. Mimi siwezi kufungua, mpaka unifungulie wewe."

Dobi akaenda na ufunguo. Ndipo aliposikia kucha zikikwaruza sakafu, akageuka, akamwona Babu akijikokota kwenye ukumbi, ameloa chapachapa, kipande cha kamba iliyotafunwa kikining'inia shingoni, ufizi ukivuja damu, akaja mpaka pale alipotoka akirudi nyuma siku ya kwanza, akalala kwenye kizingiti, akamwegemea miguuni kwa uzito wake wote.

"Mpige, Mama," sauti ilisema. "Chukua pasi. Mpige kichwani."

Dobi aliushusha ufunguo. Kidoti alikuwa mtoto wa kulia akiona kuku anachinjwa. Mbu tu alikuwa akimpuliza aende zake.

"Umesemaje?"

"Mpige afe!"

"Wewe," Dobi alinong'ona, na kila neno lilimtoka kama linang'olewa, "wewe si mwanangu."

Hapo sauti ikapiga yowe, kwanza yowe la Kidoti, lilelile la homa ya mwisho alipokuwa akimwomba mama asimwache, kisha likanenepa, likashuka, likawa sauti ya kitu ambacho hakijawahi kuwa mtoto wa mtu, na mlango ukapigwa kutoka ndani mpaka chokaa ikadondoka, na Dobi akaziba masikio akilia na kusema si wewe, si wewe, toka, na Babu, ambaye tangu aletwe hakuwa amebweka hata mara moja, akanyanyuka kwa miguu inayotetemeka, akabweka, akabweka, akabweka mpaka harufu ya kuungua ikapita juu yao kama pumzi na kutokomea.

Kukawa kimya.

Mume alimkuta Dobi ameketi sakafuni, kichwa cha mbwa mapajani. Kilikuwa kimeanza kupoa.

"Mama Kidoti! Kuna nini?"

Alimweleza yote. Sauti, kamba, mvua, ufunguo. "Alikuwa na baridi pale nje," alisema, "nami nikaongeza redio." Mume hakumgombeza. Alivua koti lake, wakamfunika Babu, na kulipopambazuka wakamzika uani, upande unaopata jua. Kisha wakafungua chumba. Palikuwa na kitanda, viatu vya shule, vumbi.

Alasiri ilipofika, wote wawili walikaa mezani wakisikiliza. Hakuna kilichoimba.

"Lilikuwa jini lile," mume alisema mwishowe, akiyatazama mafuta ya lori kwenye kucha zake. "Najua lilikuwa jini."

"Ndiyo, Baba Kidoti."

Mume akaanza kuyakwangua mafuta yale.

"Lakini lilipokuwa linaongea kwa sauti yake… liliwahi kuniulizia mimi?"

Halikuwahi kumtaja, hata mara moja.

"Kila siku," alisema Dobi. "Kila siku liliuliza baba anarudi lini."