Jiko Linafungwa Saa Kumi na Mbili

Saa moja jioni ilikuwa saa ya viatu. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, viatu viwili vizito vikatua kizingitini, cha kulia kwanza kisha cha kushoto, na sauti ya baba ikafuata: "Wenyewe mpo?"

"Tupo!" Wakili alijibu, akakimbia kumpokea kofia yake ngumu ya kazini.

Baba alikuwa fundi wa umeme, mmoja wa wale wanaopanda nguzo za mitaani kutengeneza nyaya. Ndiye aliyempa binti yake jina la Wakili, kwa kuwa tangu akiwa na miaka minne hakukubali kwenda kulala bila kutoa hoja tatu. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na hoja zilikuwa zimezidi.

Mama, ambaye alishona nguo za watu pale pale sebuleni, alifunika cherehani yake, akapakua chakula, wakala wote watatu huku kila mmoja akisimulia ya siku yake. Kisha Wakili alitoa madaftari, na baba akakaa mbele ya televisheni. Hapo ndipo mlo wa pili ulipoanza, ingawa hakuna aliyeuita mlo. Karanga kidogo. Mkate na siagi. Wali uliobaki, "usije ukaharibika." Mpira ukiingia dakika za nyongeza, baba naye aliongeza.

Jumatatu moja alirudi na barua mfukoni. Alisubiri mpaka sahani zilipoondolewa, kisha akaikunjua mezani.

"Daktari wa kazini amenipima," alisema. "Nina kilo mia moja na nane. Ngazi zetu na mkanda wa usalama ni za mtu asiyezidi mia moja. Nimepewa miezi minne. Nisipopungua, nitahamishiwa stoo nikagawe misumari."

Mama aliisoma barua mara mbili. Wakili alimtazama baba. Alijua jinsi alivyopenda kazi ile, jinsi alivyosimama barabarani kuwaonyesha nguzo alizozipanda, kama mtu anayeonyesha picha za watoto wake.

"Wakili," baba alisema, "kesho ukitoka shule pita pale zahanati. Mwambie muuguzi nataka kupunguza uzito, nianzie wapi? Na akupe siku ya mimi kwenda kumwona."

Kesho yake Wakili alifika zahanati, iliyokuwa nyuma tu ya shule. Benchi lilikuwa limejaa. Kulikuwa na akina mama wenye watoto wachanga, mzee aliyefungwa bandeji mguuni, na wengine wamesimama ukutani. Alihesabu watu kumi na wanane mbele yake. Kutoka uwanjani alisikia wenzake wakishangilia mpira wa pete, na timu yake ilikuwa na upungufu wa mchezaji mmoja, yaani yeye. Akakaa dakika tano. Akakaa nyingine mbili. Kisha akaondoka.

Baada ya mchezo, wakiwa bombani wananawa, alimsimulia rafiki yake habari za baba. Rafiki huyo aliitwa Redio, maana alitangaza kila alichosikia.

"Mbona rahisi!" Redio alisema. "Chakula chochote kikiliwa baada ya saa kumi na mbili jioni kinageuka mafuta. Kabla ya hapo, kula utakavyo. Mama mdogo kasema, naye kamsikia mtu kwenye simu."

Jioni baba hakungoja hata kuvua viatu. "Muuguzi amesemaje?"

Wakili alifungua kinywa kusema ukweli. Ukweli ulikuwa mrefu, una benchi na mpira wa pete ndani yake. Uongo ulikuwa mfupi.

"Amesema usile kitu baada ya saa kumi na mbili jioni. Kabla ya hapo, hakuna shida."

"Na siku ya kumwona?"

"Amesema... kwanza ujaribu hivyo."

Baba alipiga kiganja mezani kwa furaha. "Basi! Kuanzia leo, saa kumi na mbili jiko linafungwa!"

Tangu siku hiyo nyumba iligeuka. Kwa kuwa baba alifika saa moja, hakula tena na familia. Saa kumi na moja na nusu, kabla ya kutoka kazini, aliingia kwenye mgahawa wa jirani akaagiza sahani mbili, moja ya jioni ile na moja, kama alivyosema, "ya kunivusha usiku." Nyumbani alikaa mezani na glasi ya maji, akitazama vijiko vya wenzake vikienda na kurudi.

Jumapili ndiyo ilikuwa sinema. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi baba alisimama jikoni, ndizi mkono huu, yai la kuchemsha mkono ule, macho kwenye saa ya ukutani.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza mdomo ukiwa umejaa.

"Dakika nne!" Wakili alijibu.

"Leta mkate!"

"Mume wangu," mama alisema akicheka hadi machozi, "unakula au unashindana mbio?"

Wiki ya nne walikwenda wote duka la dawa, palipokuwa na mizani. Baba alipanda, akashuka, akapanda tena. Kilo mia moja na kumi.

Hata hivyo hakukata tamaa. "Huenda saa kumi na mbili kwangu ni kuchelewa mno," aliwaza kwa sauti. "Nitasogeza hadi saa tisa mchana." Wakili alitaka kusema, lakini kila siku iliyopita ilikuwa imeufanya ukweli ule uzidi kuwa mzito.

Siku mbili baadaye, Wakili aliporudi kutoka shule mchana, alikuta viatu vya baba vipo kizingitini. Baba alikuwa amejilaza kwenye kiti kirefu, na mama alikuwa anamkorogea uji.

"Nimepata kizunguzungu," baba alieleza. "Toka jana saa tisa sikuwa nimetia kitu mdomoni, na asubuhi nilichelewa, nikaondoka bila chai. Nilipokanyaga kidato cha pili cha ngazi nikaona dunia inazunguka. Bahati nzuri nilishuka mwenyewe. Msimamizi kanirudisha nyumbani." Akajaribu kutabasamu. "Kesho nakwenda kwa huyo muuguzi wako. Nimwulize, mbona mwenzetu umenipa sheria isiyofanya kazi?"

Kidato cha pili. Wakili alifikiria kidato cha ishirini.

"Baba," alisema, akasogea karibu na kiti. "Muuguzi hakusema. Sikumwona kabisa. Benchi lilijaa, nikaenda kucheza. Ile habari ya saa kumi na mbili nilipewa na Redio."

Mama aliacha kukoroga. Baba aliinuka, akaketi wima.

"Siku zote unatetea," alisema polepole. "Leo wewe ndiye mshtakiwa. Una hoja?"

"Sina, baba. Nisamehe."

"Nimekusikia. Kesho tutakwenda sote, na habari hii utamsimulia muuguzi wewe mwenyewe."

Safari hii walikuwa watu ishirini na mmoja mbele yao. Walingoja mpaka zamu yao ilipofika.

Muuguzi alikuwa mama mnene mchangamfu, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Wakili alimwamkia, akasimulia yote macho yakiwa sakafuni. Muuguzi hakumkaripia.

"Kumbe mwezi mzima nimekuwa daktari wa watu bila kujua!" alisema, akavaa miwani. "Haya baba, tuanze upya. Kabla ya sheria ya Redio, baada ya chakula cha usiku ulikuwa unakula nini?"

"Karanga tu."

"Kiasi gani?"

"Kiganja."

"Kiganja kimoja?"

Baba alijikuna shingo. "Kiganja... mpaka mpira uishe."

Muuguzi alicheka, na baba akacheka, na Wakili, kwa mara ya kwanza tangu jana, naye akacheka.

"Sikilizeni," muuguzi alisema. "Mwili haufungi mlango saa kumi na mbili. Wataalamu bado wanalichunguza jambo hili. Wapo waliokuta kwamba kula mapema huwasaidia kidogo baadhi ya watu, na wapo waliokuta kwamba ukila kiasi kile kile, saa haileti tofauti kubwa. Mimi ninachokiona hapa kila siku ni hiki: chakula kinacholiwa usiku sana mara nyingi ni cha ziada. Umeshashiba, macho yako kwenye televisheni, mkono unafanya kazi peke yake. Halafu unalala tumbo limejaa, hupati usingizi mzuri, na kesho yake uchovu unakufanya utamani kula zaidi. Kwa hiyo Redio hakukosea kila kitu. Ule ulaji wa usiku ulikuwa unakuongezea uzito, lakini kwa sababu ya kiasi. Nawe ukahamisha chakula chote kutoka usiku hadi jioni, ukaongeza na sahani ya pili kwa kuogopa njaa."

"Na nilipoacha kula kabisa?"

"Ukakaribia kuanguka. Fundi wa nguzo hafanyi kazi na tumbo tupu." Alichukua karatasi, akaandika huku akisema. Chai na kitu cha kushibisha asubuhi. Chakula cha mchana. Cha usiku ale saa moja na nusu na familia yake, nusu ya sahani iwe mboga, na akimaliza iwe imetosha, hakuna sahani mbele ya televisheni. Kisha watembee nusu saa. Mwishowe alimgeukia Wakili. "Na wewe unakua. Haya ni ya baba. Usije ukaacha kula usiku ili kumsindikiza."

Msimamizi alimpa baba kazi za chini hadi apate nguvu, na daktari wa kazini akamwongezea mwezi mmoja. Wakili alipewa daftari la kuandika kila alichokula baba, na jukumu la kutembea naye kila jioni, mpira wa pete uwepo usiwepo. Mwanzoni baba alihema kufika kona ya kwanza. Baada ya wiki tatu alikuwa anamwuliza Wakili kwa nini anajikokota.

Daftari lilileta kesi zake. Jumamosi moja baba alikutwa mkono ukiwa kabatini.

"Andika biskuti mbili," alinong'ona.

"Ulikula tano, baba. Nilihesabu."

"Basi tukubaliane tatu."

"Hapana. Nikiandika tatu, muuguzi atamtibu mtu mwingine."

Baba aliirudisha pakiti kabatini, akacheka kwa sauti hata mama akaja kuuliza kuna nini. "Binti yako amenishinda," alisema. "Andika tano."

Uzito haukushuka kwa kasi. Wiki nyingine ulishuka kilo moja, nyingine haukushuka kabisa, na moja, baada ya harusi ya jirani, ulipanda. Muuguzi alisoma daftari, akarekebisha hiki na kile, akawaambia waendelee. Siku ya kupimwa kazini ilipofika, baba alivua viatu, akavua mkanda, akatoa hadi funguo mfukoni. Kilo tisini na tisa na nusu. Walisikia habari hiyo kabla hajafika mlangoni, maana alianza kuipiga kelele tangu mwanzo wa mtaa, na mama alitoka nje na sindano bado i mkononi.

Jioni ile walitoka kutembea kama kawaida. Walipita chini ya nguzo moja, baba akasimama, akainua uso.

"Kesho napanda hii," alisema. "Unajua tunavyofanya? Mimi nikiwa juu, mwenzangu yuko chini, kwenye swichi. Kutoka juu siioni swichi. Ananiambia, umeme umezimwa, nami nashika waya. Nashika kwa sababu ya neno lake tu."

Wakili alitazama nyaya zile nyeusi juu ya kichwa chake.

"Sasa mwenzangu yule akiwa amechoka kwenda kuangalia," baba aliendelea, "akaniambia umezimwa kwa kuwa kuna mtu amemwambia hivyo njiani, je? Yeye hanichukii. Ananipenda, ananitakia mema. Lakini mimi nitashika waya."

Mtoto wa jirani alipita na baiskeli, akawapigia kengele.

"Mambo ya afya ni hivyo hivyo, mwanangu. Watu watakuambia kula hiki, acha kile, saa hii, saa ile. Wasikilize, si vibaya. Lakini kabla hujampa mwenzako neno, jiulize: nimehakikisha, au nimesikia tu? Ukiwa umesikia tu, sema umesikia. Hakuna aibu hapo. Mimi ningekusamehe kurudi mikono mitupu siku ile. Ningekwenda mwenyewe nikapange foleni."

"Nimeelewa, baba," Wakili alisema. Baada ya hatua chache akaongeza, "Leo sina hata hoja moja."

"Afadhali," baba alisema, akaongeza mwendo. "Hoja zinakupunguza kasi. Twende!"