Alama Sitini na Nane

Mashine ya fotokopi ilikwama siku ambayo nusu ya chuo ilikuwa kwenye foleni. Watu walisukumana, walifyonya, walitazama saa. Mbele kabisa alisimama dada mmoja wa gauni la njano, nywele kazibana kwa kalamu, mkono wake wa kulia mweusi tii kwa wino wa mashine.

"Umeiua," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Ilibidi atazame juu, kisha juu zaidi.

"Na wewe umetumwa kuizika?"

"Nimetumwa kutoa nakala za semina ya Profesa Wembe. Mimi ndiye msaidizi wake mpya."

"Acha uongo. Msaidizi wake mpya ni mimi."

Wote wawili walisema kweli. Profesa, aliyebandikwa jina la Wembe kwa jinsi alivyowakata wanafunzi alama, alikuwa amechukua wasaidizi wawili kwa mwaka mmoja, huku akijua vizuri kwamba idara ina nafasi moja tu ya ajira ya kudumu. Aliwaambia siku hiyohiyo, akitabasamu.

"Mwisho wa mwaka, mmoja wenu atabaki. Mwingine atapata uzoefu."

Walipewa chumba kimoja chenye meza mbili na feni iliyopuliza upande mmoja tu. Wanafunzi waligonga mlango kutwa nzima wakiuliza, "Mwalimu yupo?" Nao walijibu kwa pamoja, "Mwalimu yupi? Humu tuko vibarua wawili!" kisha wakacheka mpaka machozi. Wanafunzi wakamwita dada Madamu, na kijana, kwa urefu wake, Twiga. Kufika katikati ya muhula wa kwanza feni ilikuwa imegeuzwa upande wa Madamu moja kwa moja, na Twiga akiloa jasho kwa furaha kama mjinga. Mapenzi yalimkamata vibaya, maskini.

Kisha ikaja mitihani: karatasi mia mbili na arobaini. Utaratibu wa Wembe ulikuwa mgumu. Madamu alisahihisha kwanza, bila kuandika chochote kwenye karatasi. Alama zake alizipeleka kwa Profesa kwenye orodha ya siri. Karatasi zikaenda kwa Twiga zikiwa safi, naye akatoa alama zake. Wakitofautiana kwa zaidi ya kumi, Profesa alisoma mwenyewe, na aliyekosea alijuta.

Madamu ndiye aliyetoa wazo, kichwa chake kikiwa begani kwa Twiga.

"Mimi nikisoma, na wewe ukisoma, tutapendana lini? Nipigie jioni nikusomee alama zangu. Wewe andika tu."

"Huo si wizi, roho yangu?"

"Ni huruma. Nakuhurumia macho yako."

Basi kila jioni, muhula wa kwanza wote, Twiga alipiga simu. Namba fulani, hamsini na tano. Namba fulani, arobaini na mbili, halafu nimekumisi. Wembe aliwasifu mbele ya idara nzima kwa jinsi walivyokubaliana.

Muhula wa pili, katikati ya usahihishaji, Madamu alimpigia Twiga mchana. Ikapokea sauti ya mwanamke, laini, imetulia kama iliyo kwake.

"Yuko bafuni. Wewe nani?"

Madamu akakata. Wivu ulimpanda, akakaa nao mpaka jioni, na simu ya Twiga ilipoingia ulikuwa umeshaiva.

"Mambo, kipenzi?"

"Andika. Mia moja na kumi, hamsini. Mia moja na kumi na moja, sitini."

"Una nini leo?"

"Sina kitu. Mia moja na kumi na mbili..." Kwenye orodha aliyompelekea Wembe namba hiyo ilikuwa na thelathini na moja. Akavuta pumzi. "Sitini na nane."

"Sitini na nane? Una hakika?"

"Nimesema andika! Au siku hizi unasikiliza wengine?"

"Basi, mama, basi. Naandika."

Akalala akiwa ameridhika. Na aaibike, alisema moyoni, ajue uchungu.

Saa mbili asubuhi simu ikalia.

"Kipenzi, dada yangu anakusalimia! Amefika jana. Anasema ulikata simu hata hajajitambulisha. Anauliza atamwona lini wifi yake."

Madamu akakaa kitandani taratibu.

"Karatasi ziko wapi?"

"Za jana nimeshampelekea Wembe asubuhi hii, pamoja na alama zangu. Kwa nini?"

Alifungua mdomo aseme. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini aliiona ile nafasi moja ya kudumu, imekaa wazi mbele yake, na mdomo ukajifunga wenyewe.

"Nauliza tu. Msalimie wifi."

Wembe aliwaita wote wawili.

"Keti, Twiga, usije ukagonga dari. Mtihani wa mia moja na kumi na mbili. Mwenzako katoa thelathini na moja. Wewe, sitini na nane. Kurasa mbili nyeupe, hazina hata doa! Uliisoma hii karatasi?"

Twiga alimtazama Madamu mara moja. Madamu alikuwa akitazama viatu vyake.

"Hapana, Profesa. Nilichoka. Sikuisoma."

"Ahsante. Umenirahisishia uamuzi."

Ijumaa Twiga alikuja kufungasha: kikombe, shati la akiba, vitabu vinne ndani ya boksi. Madamu aliingia na suti mpya ya bluu, barua ya ajira ikiwa mkobani. Alipomwona akaangua kilio.

"Nilikudanganya, mpenzi wangu. Makusudi. Nilidhani dada yako ni mwanamke wako. Ungekuwa umeisoma ile karatasi usingenaswa..."

"Nilikuwa nimeisoma."

Kilio kikakatika.

"Nilizisoma zote," Twiga alisema, akifunga boksi kwa utepe wa gundi. "Muhula wa kwanza na wa pili. Nilikuwa namaliza kusoma ndipo nakupigia. Ulifurahi mno kunipunguzia kazi, nikaona nisikuharibie. Ile niliipa thelathini. Uliposema sitini na nane nikadhani uliteleza kwenye orodha yako, nayo imeshafika kwa Wembe. Ningeandika thelathini, ungeitwa wewe."

Madamu alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nitamwambia Wembe. Sasa hivi. Nitamwambia kila kitu, atakurudisha, tutaoana, wifi atakuja..."

"Nenda."

Hakutarajia jibu hilo. Akajifuta uso, akaenda mlangoni, akashika kitasa. Ofisi ya Wembe ilikuwa mlango wa tatu kushoto. Mkoba ulining'inia begani na barua yake ndani. Feni ilizunguka, ikampulizia yeye peke yake. Alisimama hapo muda mrefu sana, na kitasa hakikugeuka.

"Nilitaka tu kuona," Twiga akasema kwa upole.

Akabeba boksi, akamsogeza taratibu kwa bega, akafungua mlango mwenyewe na kutoka. Hakugeuka nyuma.

Madamu alirudi kukaa. Haikupita dakika mlango ukagongwa, na mwanafunzi akachungulia.

"Samahani, mwalimu yupo?"

Alitazama ile meza ya pili, tupu.

"Nipo," akasema.