Miguu ya Asmahani

Mboni wa Kigombe alikuwa fundi wa mikeka. Kila alasiri alikaa barazani akisuka ukili, na binti yake Asmahani, wa miaka kumi na miwili, akimchambulia ukindu. Lakini sasa Asmahani alikuwa analetwa barazani kwa kubebwa. Tangu mdogo wake Kijakazi atumbukie kisimani akafa, wiki tatu nyuma, miguu yake ilikuwa imekataa kusimama.

Baba yake, Safari, alimpeleka hospitali mjini Tanga.

"Daktari kasema mifupa mizima, mishipa mizima," alisema waliporudi. "Hana kitu."

"Hana kitu?" Uweso, nduguye Safari, akacheka. "Basi mbona tunambeba kama bibi harusi? Anatuchezea huyu. Mtieni moto, mwone kama hasimami!"

Mboni hakukataa. Lile neno, hana kitu, lilikuwa limemwingia. Akamshika binti yake mabega. Uweso akachukua kaa la moto kwa koleo, akalibandika unyayoni.

Asmahani alilia hadi sauti ikamkauka. Mguu haukusogea.

Siku ya nne kidonda kikaanza kunuka. Akaitwa Kristofa, dresa wa zahanati, aje akioshe.

"Nani kafanya haya, mama?"

"Hospitali walisema hana kitu."

"Walisema hakuna kilichovunjika. Hawakusema haumwi. Wewe ulipofiwa, ulisuka?"

"Nisuke kwa vidole gani, baba? Vilikufa ganzi. Siku saba sikuweza kushika ukindu."

"Vilikatika?"

"Havikukatika."

"Ulikuwa unajifanya?"

Mboni akavitazama vidole vyake.

"Na mtoto ni hivyo hivyo. Kiungo ni kizima, kazi yake ndiyo imesimama. Huo ni ugonjwa wa kweli. Moto na fimbo huuzidisha. Unataka mazoezi ya polepole, na moyo utulie." Akamgeukia Asmahani. "Mdogo wako alipoanguka, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo. Mwili uliniganda. Mama kasema ningekimbia kuita watu, Kijakazi angekuwa hai."

Kweli, Mboni aliyasema hayo. Aliyasema matangani, mbele ya watu wote. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, mwanangu. Kisima hakikuwa na kifuniko, na aliyewatuma maji ni mimi."

Asmahani akamlilia mdogo wake, kwa mara ya kwanza tangu maziko.

Kidonda kilipokauka, Kristofa akawafundisha kumsimamisha asubuhi na jioni, bila kumkaripia. Siku ya kwanza alisimama kwa muda wa kusema bismillahi, akaanguka. Mboni akamwinua. Safari alikifunika kisima kwa mbao nzito. Mwezi wa tatu wa mazoezi, Asmahani akaenda mwenyewe hadi pale, akazigusa mbao, akarudi.

Sasa anatembea, ila anachechemea. Watu humwuliza Mboni ni ugonjwa gani uliomlemaza mtoto.

"Ugonjwa ulikwisha," hujibu. "Hili ni kovu la kaa la moto. Na aliyemshika mabega ni mimi."